Dada Aliyerudi Bila Dawa

Mama alikuwa mshona kofia, na wanaume wa Mambrui walizivaa kofia zake kwenda Ijumaa. Katikati ya miaka ya themanini akaanza kushika sindano asijue aichome wapi. Baadaye akasahau kuwa baba amefariki, na kila akikumbushwa alilia upya. Mimi, kitinda mimba, ndiye niliyebaki naye nyumbani. Mjomba alisema ni jini, aitiwe mganga. Zahanati wakasema ni uzee, wakampa vidonge vya usingizi.

Dada yangu mkubwa alikuwa Ulaya, akifanya kazi katika maabara moja iliyotafuta dawa ya ugonjwa huohuo. Alipokuja likizo, habari zilimtangulia: binti wa mshona kofia kaja na dawa. Alasiri hiyo nyumba ilijaa jamaa na majirani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, itoe hiyo dawa."

"Sikuja nayo. Haijapatikana."

Jirani mmoja akaguna. "Miaka yote hiyo ya kusoma?"

Niliona haya kwa niaba ya dada. Yeye hakuona. Alitueleza kwamba ndani ya ubongo wa wagonjwa kama mama kuna protini inayoganda madongemadonge, na ubongo unakufa kidogo kidogo.

"Vidonge hivi vinamlaza tu," alisema. "Paa likivuja, mtakinga ndoo, na si vibaya. Lakini lazima mtu apande juu alitafute tundu. Sisi ndio tuliopanda, na bado hatujaliona sawasawa. Pengine hayo madonge ndiyo chanzo, pengine ni alama yake tu."

"Na jini je?" mjomba akauliza.

"Jini hapa hayumo, mjomba. Wala si uzee mtupu. Wewe umemzidi mama umri, mbona jina langu unalijua?"

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya hapo hakumtaja mganga tena.

Mama alikuwa ameketi mkekani. Akanivuta mkono. "Huyu asemaye vizuri hivi, mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

Akamtazama sana. "Wangu? Basi mimi nilizaa!"

Dada aligeukia ukutani akajifuta macho. Mimi meno yote yalikuwa nje.

Kesho yake tulikwenda zahanati, daktari akakubali kuvipunguza vile vidonge. Mama akawa anakaa macho mchana, anakula kwa mkono wake, anaimba nusu nusu. Alikufa bila kutujua, lakini alikuwa safi, kasukwa nywele, na hakuna aliyemwita mwenda wazimu.

Dawa ya kwanza ya dada na wenzake wa maabara haikufaulu. Alinipigia simu, nami nikaenda kuipokea dukani kwa jirani.

"Imekataa," alisema. "Jumatatu twaanza nyingine."

Mwenye duka akataka kujua habari za Ulaya. Nikamwambia, kifua mbele, kwamba dada yangu yuko kazini.