Ngoma ya Tatu

Nyumbani kwetu, upande wa Isecheno, ngoma za isukuti zilikuwa tatu. Kubwa tuliiita baba, ya kati mama, ndogo mtoto. Baba yangu alipiga kubwa, baba mdogo akapiga ya kati, nami nikakabidhiwa ndogo tangu mikono yangu ilipoweza kuibana kwapani. Nyanya, mama yake baba, alikuwa akituchezea uani huku akinionya: "Siku yangu ikifika, usiwaache hawa wawili wanizike peke yao. Hawajui kuchangamka."

Uhuru ulipokuja, nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi ya ukarani mjini. Mshahara ulinipa chumba Shieywe na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Nikaanza kusikiliza magitaa ya Kongo na twisti. Isukuti ikawa kitu cha kuonea aibu, hasa mbele ya wasichana. Rafiki zangu walinitania, "Karani, bado unabananga ngozi ya kenge kwapani?" Nikacheka pamoja nao.

Nyanya alifariki siku ya Alhamisi. Kesho yake baba aliendesha baiskeli hadi kwangu, ile ngoma ndogo ameifunga nyuma kwa kamba. Alikuta santuri inazunguka. Akakaa, akasikiliza hadi ikaisha.

"Hii ndiyo unasikizanga siku hizi?"

"Ndiyo, Baba. Dunia imebadilika."

"Ni tamu," akasema, na nadhani hakunikejeli. "Lakini aliyokuagiza nyanya yako unayajua. Tunamzika kesho saa nane."

Nikamwambia nitafika asubuhi. Nilijua ninadanganya. Jumamosi hiyo kulikuwa na dansi ya mchana ukumbini, na santuri zilikuwa zangu. Saa nane nilikuwa nikicheza, shati limelowa jasho, na ngoma iko chini ya kitanda changu.

Nilifika nyumbani Jumapili. Baba mdogo ndiye aliyenisimulia, tukiwa kando ya kaburi bichi. Majirani walikuja na ngoma ndogo nyingine, na kijana wa kuipiga. Baba akamkataa. Akasema, "Mwenyewe yuko njiani." Wakapiga mbili. Kila walipofika pale ninapoingilia, baba alipunguza mkono na kutazama barabarani. Walifanya hivyo mpaka udongo ukajaa.

Sikuwahi kuomba msamaha. Nilimletea baba sukari, nikamletea koti, hata redio. Alipokea vyote na kunishukuru.

Alipofariki naye, niliitoa ngoma yangu, tayari kupiga hadi vidole vitoke damu. Ngozi ilikuwa imelegea. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ngoma huanikwa juani polepole, au huwekwa mbali kidogo na moto na kugeuzwageuzwa. Mimi kwa haraka niliisogeza karibu na makaa, nikaenda kuwapokea wageni. Niliporudi ilikuwa imepasuka katikati. Baba mdogo aliitazama, akachukua yake ya kati. Akapiga peke yake.

Magitaa yalinichosha bila mimi kutambua ni lini. Nikapenda nyimbo za kanisani kwa miaka kadhaa, kisha sikupenda chochote. Sasa ni mzee, na ninachotaka ni isukuti tu. Mwanangu aliniletea kaseti nzuri sana, ngoma zote tatu zimo. Nilisikiliza upande mmoja nikamrudishia. Alidhani masikio yangu yamekufa.

Masikio ni mazima. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, nazisikia ngoma mbili, kubwa na ya kati. Zinakuja vizuri, halafu mahali pale pale kubwa inapunguza mkono. Vidole vyangu huinuka juu ya mkono wa kiti. Kabla havijashuka, wale wawili wamekwisha kupita.