Mgeni wa Chai ya Mforsadi

Wilhelmina wa Mwamapalala, ambaye kijiji kizima tunamwita Ng'wana Limbu kwa jina la baba yake, alikuwa na mforsadi mmoja nyuma ya zizi, na kuhusu mti huo usimchokoze! Matunda yakiiva, watoto wa jirani walirudi kwao midomo myeusi, mama zao wakifurahi kwamba yanaongeza damu. Majani machanga aliyapika kwa karanga. Yaliyokomaa aliyaanika kivulini, akayachemsha kuwa chai ya kutuliza kisukari chake. Mumewe Masele ndiye aliyeupanda mti huo, na ndiye aliyekuwa akimchumia majani, mpaka alipofariki mwaka jana.

Baada ya msiba, zahanati ilimwanzishia vidonge. Akameza. Ila chai hakuiacha, tena aliikoleza, na chakula kilikuwa hakimshuki kooni. Upweke ni kitu kibaya, jamani. Mchana mmoja, jua la utosi, kuku wote kimya, jasho la baridi likamtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Masele akaingia. Aliketi kwenye kigoda chake, amevaa koti lile lile tulilomzika nalo.

Mimi ningetimua mbio. Yeye alicheka kwa furaha, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba." Hakujibiwa. Masele alikisukuma tu kikombe cha chai kuelekea kwa mkewe, polepole. Na kikombe kilisogea kweli, ukabaki mchirizi sakafuni.

Tangu hapo, kila alipotetemeka, mumewe alikuja. Basi mama wa watu akaanza kushinda na njaa makusudi ili amwone mapema.

Nesi Dorkasi, jirani yake, alimkuta siku moja ameanguka karibu na mafiga, akamnywesha maji ya sukari mpaka akazinduka. "Mayu, mama yangu, vidonge vinashusha sukari, majani nayo yanashusha, na huli! Achana na hiyo chai, la sivyo tutakuzika."

"Nikiiacha, hatakuja."

"Nani?"

Mama akageukia mafiga.

Kesho yake akachemsha tena. Uji ulikuwa tayari jikoni, hakuugusa. Masele alikuja, safari hii akaketi ubavuni pake, goti kwa goti, na goti lake lilikuwa baridi. Akasukuma kikombe.

"Baba Jenifer," alisema mama, "mbona huniulizi kama nimekula?" Maana enzi za uhai wake, Masele hakumega ugali mpaka mkewe akae. Sasa hata uji hakuutazama. Alisukuma kikombe tena, kwa nguvu.

Hapo ndipo woga ulipomwingia. Alijikokota hadi jikoni, akachota uji bakulini, akautia sukari vijiko kwa vijiko, akaanza kuunywa huku akimwangalia. Kila alipomeza, koti lilififia, mpaka ukuta ukaonekana nyuma yake.

Masele akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Ng'wana Limbu," akaita. Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya mapenzi, haikukosea hata kidogo.

Mkono ulimshinda, uji ukamwagikia kifuani. "Nisamehe, mume wangu," alisema, akafumba macho, akameza mpaka bakuli likaisha.

Alipoyafumbua, nyumba nzima alikuwa peke yake. Akalia kilio ambacho hata msibani hakulia.