Unga wa Shangazi

Kazini tulimwita Mama Panya, naye aliitika bila kununa. Miaka kumi na mmoja aliwanywesha panya dawa za majani, akawaweka kwenye ubao wenye njia nne, mbili zina kuta na mbili ziko wazi, kisha akashika saa na kuhesabu. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta. Aliyetulia hutoka. Majani ya aina tisa aliyajaribu, yote bure kabisa, na mimi muosha vyombo wa maabara ile ni shahidi.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka ishirini na mbili ambaye hofu ilimfungia ndani. Hospitali walimpa vidonge vya kutuliza, akavizoea mno, na siku alipovikosa akaanguka kifafa, nusura tumzike. Daktari akasema asiviguse tena.

Ndipo shangazi wa Mama Panya, muuza mitishamba, akaleta unga wa kijani. Mama Panya hakusubiri. Akampa binti kwanza, panya baadaye. Binti akaanza kufika hadi getini. Panya nao wakatoka hadi ncha za ubao. Mama Panya alinikumbatia huku mikono yangu imejaa povu. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile, na naichukia siku ile hadi leo.

Baada ya miezi minne, mkemia wetu akaupitisha unga kwenye mashine kutafuta kiini chake. Akakipata. Kilikuwa kidonge kilekile cha hospitali, kimesagwa.

Mama Panya akapiga simu mbele yangu.

"Shangazi, umetia nini humu?"

"Mwanangu, kwa majani matupu watu walikuwa wanarudi kunilalamikia. Nikiongeza kidogo, wanashukuru. Kwani mtoto hajapata nafuu?"

Mama Panya akakata simu. Hakutukana. Ningekuwa mimi, ningetukana.

"Nikimwachisha ghafla ataanguka tena," aliniambia. "Nikiendelea, ndiyo namzamisha. Nimempa kwa mkono wangu mwenyewe, dada."

Nikamsindikiza kwake. Binti tulimkuta nje, ng'ambo ya barabara, ameshika mkate.

"Mama! Nimeenda dukani peke yangu!"

"Hongera, mwanangu."

"Halafu ule unga umeisha asubuhi. Bibi ataleta mwingine lini?"

Mama Panya akaupokea mkate, akaingia ndani.