Bwana Nikirudi

Kila Jumamosi, wakulima tukishapanga mazao yetu sokoni, wa kwanza kutufikia ni yule mzee tuliyembandika jina la Bwana Nikirudi. Huja na kikapu kikubwa kitupu, kakikumbatia kana kwamba kimejaa mayai. Kwangu huanza na kipande cha chungwa. Hukitafuna macho kayafumba, kisha hutikisa kichwa taratibu kama hakimu. "Tamu, mwanangu. Nitapita nikirudi." Kwa mama wa asali hulamba kijiko pande zote mbili, kwa muuza jibini huomba kipande cha pili, eti akilinganishe na cha kwanza. Kuonja si kula, husema. Ikifika adhuhuri hujipangusa ndevu kwa leso safi, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na kikapu kikarudi kilivyokuja.

Jumamosi iliyopita kikapu kilikuja kimejaa. Mpapai wa uani kwake ulikuwa umezaa kupita kiasi, akaniomba kona ya meza auzie. Akakata papai moja vipande vyembamba, vyembamba mno, akakaa kusubiri. Akatokea mama mmoja, mfuko mtupu begani. Akaonja kipande, akaongeza kingine, akafumba macho. "Sukari tupu, baba! Ngoja nizunguke kwanza, nitapita nikirudi." Mama wa asali akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee akamsindikiza mteja wake kwa macho mpaka akapotelea kwenye umati, kisha akavifunika vipande vilivyobaki.

"Huyo," akaninong'oneza, "harudi."