Kadi za Vyungu vya Ikombe

Udongo mbichi wa Ikombe una harufu ya ziwa na majani yaliyolowa, na mimi nimekua nayo kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alifanya kazi na jirani yetu, Mama Tupo, toka kabla sijazaliwa: mama aliinua kuta za chungu kwa vidole, Mama Tupo akazisugua kwa kokoto za ufukweni hadi zing'ae, akazipaka udongo mwekundu, na siku ya kuchoma ni yeye aliyeulinda moto. Vikipoa, walivipakia kwenye mtumbwi kwenda sokoni Matema, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakisengenya watu na kucheka njia nzima.

Mwaka niliokuwa darasa la sita tulipata mwalimu wa Kiingereza aliyehamishwa kutoka Tanga, na yeye ndiye aliyenifungulia mambo ya ritifaa. Mpaka siku hiyo niliijua ile alama ya kwenye neno ng'ombe tu. Kumbe kwa Waingereza inamkabidhi mtu mali yake! Jina, ritifaa, herufi s, basi, kitu ni chako. "Vitu vikiwa vingi tu, wekeni s peke yake," mwalimu alituonya. "Msimwage ritifaa kila mahali kama chumvi. Na wenyewe wakiwa wengi, mara nyingi inahamia nyuma ya s." Sikulala vizuri kwa raha. Nilichukua mkaa nikazunguka nyumbani naandika kwa Kiingereza: jembe la baba, mlango wa baba, kigoda cha bibi. Bibi alikigeuza kigoda chake akakitazama kwa muda. "Kwani kuna mtu hapa asiyejua ni changu?" aliuliza. Swali lilinikaa kichwani.

Msimu huohuo, msimamizi wa nyumba moja ya wageni kule Matema alimwambia mama kwamba atachukua vyungu vyake vyote, ila kila kimoja kiwe na kadi yenye jina la mfinyanzi kwa Kiingereza, maana wageni wanapenda kujua. Mama alirudi na kadi anang'aa uso. Nikamuuliza niandike cha nani. Alisita kidogo. "Andika changu. Mimi ndiye wanayenijua." Nikaandika Mama Subi's pot, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikazianika kadi ukutani zikauke wino.

Mama Tupo alipopita kuchukua kokoto zake, aliniomba nimsomee. Nikasoma. Akasogeza kidole karibu na ritifaa.

"Hako kadudu hapo juu kanasema nini?"

"Kanasema chungu ni cha mama."

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru, akafunga kokoto kwenye khanga akaenda zake.

Siku ya kuchoma hakuja. Alituma neno kwamba mgongo unamuuma. Mama akapanga vyungu na nyasi na kuni mwenyewe, akawasha, na haukupita muda tukaanza kuvisikia vikipasuka kimoja baada ya kingine. Mama alikaa chini hapohapo kwenye majivu. Niliogopa, maana sikuwahi kumwona akilia mchana kweupe, watu wakipita. Kisha alijipangusa, akaniambia nichukue kadi zote nimfuate.

"Hodi, Mama Tupo. Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo unajua wenyewe."

"Nimekosa, dada. Subi, mwandike na yeye. Kila kadi."

Mama Tupo akaanza kucheka taratibu. "Na udongo alichimba nani? Huyo humwandiki?" Wakaanza kutajiana majina, huyu wa udongo, yule wa kuni, nami naandika mpaka nafasi ikaisha na ritifaa sijui niisimamishe wapi. Wakachoma vyungu vingine pamoja, wakavipeleka Matema na kadi zile. Msimamizi alipoziona alisema wageni hawataelewa, anataka jina moja. Mama akamshukuru kwa heshima, wakavirudisha vyungu kwenye mtumbwi na kuvipeleka sokoni bila kadi.

Sasa ninafundisha Kiingereza Kyela mjini, na ritifaa bado hunifurahisha. Ikombe nako mambo yamebadilika: mabinti wanachora majina yao chini ya chungu, wanapiga picha, wanatuma kwa simu, na vinauzika. Nawaonea fahari kabisa. Mama Tupo alifariki, Mungu amrehemu, na tangu tulipomzika, mama hajagusa udongo. Mikono anayo, nguvu anazo. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini asifinyange peke yake kama hawa mabinti. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jambo ambalo kila mtu pale kijijini analijua.

"Subi, mimi sijui kutengeneza chungu kizima," alisema. "Sijawahi."