Sanduku la Barafu la Safari ya Kilwa

Sisi tuliokulia mtaa wa Gerezani, Dar, miaka ile, ubaridi kwetu ulikuwa kitu cha kufuatwa. Haukukaa jikoni ukikusubiri. Ukitaka maji ya baridi ulichota mtungini, kwenye kona yenye kivuli, yakanukia udongo na ubani aliofukiza mama. Ukitaka baridi ya kuuma meno ulikwenda dukani kwa Mzee Nassor, jirani yetu, mwenye friji pekee mtaani. Watoto wa siku hizi hufungua friji, wakasimama kulitazama kama televisheni, wakalifunga, kisha wakarudi kuona kama kuna kilichobadilika. Sisi kwa Mzee Nassor tungetolewa kwa ufagio. "Funga mlango, unamaliza baridi," alikuwa akituambia, hata kabla hatujamwamkia shikamoo.

Barafu yenyewe ilitoka kiwandani, mapande marefu kama magogo, yakipakiwa kwenye mikokoteni na kupelekwa sokoni Kariakoo kwa wauza samaki. Tuliifuata mikokoteni hiyo miguu peku, tukiomba gurudumu liingie shimoni. Kipande kikidondoka hakikuoshwa. Kilipanguswa kwenye gauni, kikazunguka mdomo kwa mdomo, kina ladha ya gunia na maranda ya mbao, hadi kila mmoja akabaki ameshika taya. Hakuna aliyeumwa tumbo, au labda tuliumwa tukasingizia maembe mabichi.

Mimi nilikuwa na kazi yangu kila asubuhi: kufuata dawa ya Bibi. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na kisukari, na dawa ya kuchoma haitaki joto. Ilikaa kwenye friji la Mzee Nassor, ndani ya mkebe wa biskuti, katikati ya chupa za soda. Bibi aliichemsha sindano yake ya kioo kwenye sufuria ndogo, akajichoma pajani huku akitazama pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Akimaliza ananiambia, "Haya, irudishe kwa mwenyewe. Pita kivulini."

Baba alikuwa fundi wa magari kwenye gereji za hapo hapo Gerezani. Alinunua Kombi lililokwishakatiwa tamaa, akalifufua polepole, siku hii mlango, siku ile breki. Nyuma aling'oa viti, akaweka benchi linalokunjuliwa kuwa kitanda, kabati la vyombo na jiko la mafuta ya taa. Majirani waliliita nyumba ya magurudumu. Mimi na kaka yangu Hamisi tulilala humo likiwa limeegeshwa uani, tukigombania upande wa dirisha, na asubuhi tunaingia ndani kuamkia watu kama wageni waliotoka mbali.

Basi msimu mmoja wa mvua, msafiri aliyetoka kusini alileta salamu kutoka kwa Bibi Somoe, mdogo wake Bibi, aliyekuwa akiishi kijiji kimoja karibu na Kilwa Kivinje. Macho yake yalikuwa yanazima na mwili umemwishia. Alikuwa anamwita dada yake waonane.

Barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa ya tope, na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Ungeweza kufika siku hiyo hiyo, ungeweza kulala njiani na kulala tena. Dawa ya Bibi ingekaa wapi?

"Nitakwenda mimi nimtazame, nikuletee habari," Baba alisema.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Habari zake nimeshaletewa. Mie nataka kumuona."

Hapo ndipo nyumba nzima ilipogeuka kuwa baraza la ubaridi. Mzee Nassor alisema alikuwa na friji la zamani la mafuta ya taa, limelala stoo, tulichukue. Baba alilikagua, akamshukuru, akalikataa. Friji la namna ile linataka kusimama sawasawa ndipo lipoze, na yeye hakutaka moto unaowaka nyuma ya gari lenye petroli na watoto. Mama akaja na njia ya kwao: mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowekwa, juu gunia bichi. Tuliujaribu. Mchicha ulikaa vizuri, lakini maziwa yaliganda kabla ya jioni, kwa sababu hewa ya Dar nayo imeshalowa, haikaushi kitu.

Ikabaki barafu. Baba aliunda sanduku la mbao, ndani akaweka sanduku jingine la bati, na nafasi iliyobaki katikati akaishindilia maranda mpaka mkono ukakataa kuzama. Chini alitoboa tundu la kutolea maji. Kisha akaweka pande la barafu, akafunga, akapiga marufuku mtu yeyote kufungua. Hamisi alikuwa akilisogelea na kubandika sikio, akidai anaisikia ikiyeyuka. Baba alipolifungua mwenyewe kesho yake, pande lilikuwa limepungua mabega tu. Bibi akatia mkono ndani, akautoa, akajipangusa nao usoni. "Tutakwenda," alisema.

Mama naye alikuwa na mambo yake. Kule kulikuwa ukweni, na hakuwa amekwenda tangu aolewe. Alfajiri ya safari alitoka sokoni Kariakoo na nyama ya ng'ombe, changu wakubwa waliokwisha kuparwa, na maziwa kwenye madumu madogo. Alitaka afike, aingie jikoni, awapikie ukoo mzima. Vyote vilipangwa juu ya barafu, na dawa ya Bibi ikawekwa kwenye mkebe wake, imefungwa kitambaa kinene isiguse barafu ikaganda.

Tulifika mtoni mchana, tukakuta foleni ya malori na basi moja. Mto umejaa, maji mekundu yanakwenda na vichaka vizima, na pantoni imefungwa minyororo. Hakuna aliyejua itavuka lini. Tulilala pale. Asubuhi yake mto ulikuwa vile vile, na tundu la sanduku lilikuwa linachuruzika badala ya kudondosha.

Baba alifungua, akatazama, akafunga. Alimwita Mama pembeni ya gari, lakini mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi na dirisha liko wazi.

"Vyote havitafika," alisema. "Kila tunapofungua kutoa maziwa, baridi inatoka. Na ile nyama inakula barafu."

Nilimwona Mama anatazama sanduku, na midomo yake ilikuwa imebana kama siku aliyofiwa na mama yake. Bibi alishasikia. Aliteremka taratibu, akaja akasimama karibu naye.

"Tugeuze, mwanangu," alimwambia Mama. "Turudi Dar na vitu vyako. Sitaki ufike kwa watu ukaonekana hukujali."

Nadhani Mama alikuwa anasubiri mtu amlazimishe kuviacha, na badala yake akapewa ruhusa ya kurudi navyo. Alivua mtandio, akaukaza kiunoni. "Hamisi, tafuta kuni kavu," alisema. "Wewe, niletee sufuria kubwa."

Alitoa nyama yote, samaki wote na maziwa yote. Baba akachukua kanga na mashuka ya safari, akayashindilia pale palipobaki wazi juu ya mkebe na barafu iliyosalia, akafunga sanduku kwa kamba. Hakulifungua tena ila kwa ajili ya sindano.

Chakula cha siku ile siwezi kukisimulia vizuri. Mchele wetu haukutosha, na utingo wa lori moja akaja na mchele wake kwenye ndoo. Abiria wa basi, mama mmoja aliyekuwa anapeleka nazi, alizivunja kadhaa, akakaa kukuna bila kuombwa. Samaki walichomwa kwenye moto wa pembeni, mafuta yakidondokea makaa, na moshi ukatufanya tulie na kucheka. Watu walikula kwenye masinia, kwenye vifuniko vya sufuria, kwenye majani ya mgomba. Mpaka jua linazama nilikuwa nawajua madereva kwa majina na watoto wa basi kwa ugomvi wao. Bibi alikaa kwenye mkeka, akiulizwa hali na watu asiowajua, akiwaeleza habari za mdogo wake. Mama alikula mwisho, amesimama.

Kesho yake maji yalipungua na pantoni ikafunguliwa. Foleni ilikuwa na utaratibu wake, na sisi tulikuwa nyuma sana. Lakini dereva wa lori la mbele alimwona Baba akikagua tundu la sanduku, ambalo sasa lilitoa tone kwa nadra, barafu ikikaribia kwisha, akamuuliza. Kisha akapita gari hadi gari. "Mpisheni yule bibi wa dawa," nilimsikia akisema. Malori yakasogea kando, moja baada ya jingine, kwenye tope lile, na Kombi letu likapita katikati. Watu waliokula kwa Mama walikuwa wanatupungia mikono.

Kijijini, mganga wa zahanati alikuwa na friji la chanjo, akaupokea mkebe. Ndani ya sanduku ilikuwa imebaki barafu ya kujaa kiganja, na dawa ilikuwa baridi.

Bibi Somoe alikuwa amekalishwa kitandani. Bibi alimshika mikono, na yule mdogo mtu akaipandisha ya kwake mpaka usoni kwa dada yake, akaanza kumpapasa, paji, pua, kidevu. "Umezeeka, dada," alisema. Wakacheka wote wawili, kisha hawakucheka tena.

Mama alisogea kumwamkia, akaanza kuomba radhi, kwamba amekuja mikono mitupu, kwamba vitu vilikuwepo. Bibi Somoe alimkatiza. "Mkwe, mbona nimeshapokea," alisema, bado ameshika uso wa dada yake. Nilimwona Mama akigeuka kutazama mlangoni kwa muda.

Tulikaa mpaka dawa ilipokaribia kwisha. Bibi Somoe alifariki kabla ya mavuno, na Bibi aliposikia alilia kidogo tu, akasema aliwahi.

Majuzi nilipita njia hiyo na Twaha, mtoto wa Hamisi, pamoja na watoto wake. Twaha na mkewe wametengeneza basi dogo la kulala ndani, zuri kuliko nyumba tuliyozaliwa. Jua linaingia kwenye paneli za paani, friji linaunguruma taratibu chini ya kitanda, na simu inamwambia ndani kuna baridi kiasi gani. Friji hilo alilichagua kwa wiki nzima akitazama video za watu asiowajua. Si haba, nilikunywa maji ya baridi tangu Mbagala.

Rufiji tuliuvuka kwa daraja. Wajukuu walikuwa na vidude masikioni. Nilimwomba Twaha apunguze mwendo.

"Kuna tatizo, shangazi?"

"Hakuna. Natazama maji."

Akapunguza kidogo, gari la nyuma likapiga honi, tukaendelea. Tulifika Kivinje mapema, nyama tuliyobeba ikiwa imeganda ngumu kama jiwe, maziwa mabichi kama yalivyotoka dukani, na njia nzima hatukuwa tumezungumza na mtu yeyote.