Siku ya Alama za Vidole

Mkwe wangu alipofariki, nilihamia Mlingotini kutoka kijiji cha jirani, nikae na binti yangu katika eda. Miezi minne na siku kumi si mingi kwa mwenye imani, nilimwambia. Mimi nilikaa yangu nikiwa bado kijana, na nguruwe pori wakamaliza muhogo shambani huku nawasikia kutoka chumbani. Sikutoka. Miaka yote nimewasimulia habari hiyo wanawake ninaowasomesha dini, wajue subira ni kitu gani.

Binti yangu alikuwa mpishi wa hoteli ya ufukweni mpaka hoteli ilipofungwa. Upishi aliujulia jikoni, hana cheti, na kila alikoomba kazi aliulizwa cheti. Kisha serikali ikaleta mpango wa kuwapima watu wenye ujuzi wasio na vyeti, wapate mafunzo mafupi, kisha watafutiwe waajiri. Alijiandikisha mumewe akiwa hai. Wiki ya tatu ya eda, mwenyekiti wa kitongoji alipiga hodi: jina limetoka. Mafunzo yenyewe yangeanza eda ikiwa imekwisha, lakini kesho yake kila mmoja afike ofisi ya kata kuweka alama za vidole. Asiyefika, nafasi anapewa mwingine.

Binti alinitolea kitambulisho chake.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Nilifika na kitambulisho chake nimekifunga kwenye pindo la khanga. Kijana wa mashine akaniamkia vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea binti yangu kitambulisho."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko eda."

Akakuna kichwa. "Bibi, ingekuwa amri yangu ningekupigia muhuri sasa hivi. Mashine inataka kidole."

"Basi ilete nyumbani."

"Imefungwa kwa waya, bibi, kama mbuzi wa Idi. Na saa tisa tunafunga."

Watu wakacheka. Kwenye benchi alikuwepo mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa na meko ya kukaangia samaki sokoni. Yeye hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilipofiwa na mume nilikuja kukuuliza, nitoke mchana nikaange, magharibi nirudi? Ukaniambia mjane havuki kizingiti. Nilipomaliza eda, meko yangu yana mtu mwingine. Ndiyo maana unaniona kwenye benchi hili. Sasa wa kwako naye akae ndani, tuwe sawa."

Nilikosa pa kuweka macho. Maana jibu nilikuwa nalo tangu siku aliponiuliza. Nililisoma kwa mwalimu wangu: mjane aruhusiwa kutoka mchana kwa haja, usiku alale nyumbani kwake. Nilipoanza kusomesha, mlango ule wa kitabu niliufikia nikauruka. Niliogopa wanawake wataita kila kitu haja. Na nadhani, Mungu anisamehe, sikutaka muhogo wangu uwe umeliwa bure.

Nikisema sasa, itaonekana nimeitafutia ruhusa damu yangu. Nikinyamaza, saa tisa inafika. Saa ya ukutani ilisema saba na nusu.

"Ulikuwa na ruhusa, ina mlango wake kitabuni," nikamwambia, kwa sauti ya wote kusikia. "Nilijua. Nilikuficha. Nisamehe."

Mama mmoja akasema taratibu, "Subhanallah," sijui kwangu au kwake.

Nilirudi mbio mbio kadiri magoti yalivyokubali. Binti yangu alikataa kutoka.

"Mama, wiki hizi zote hujaniruhusu hata uani kuanika nguo. Leo dini imebadilika?"

"Dini ni ileile. Mimi ndiye niliyekusomesha nusu."

Alinitazama kama anayemtazama mgeni. Kisha akajitanda ushungi na kutangulia. Njiani walitoka watu milangoni kututazama, na hatukuamkiana na mtu. Aliweka vidole kumi, akarudi, akaketi palepale mkekani pake kabla ya adhana ya alasiri. Alhamdulillahi, jina lake limebaki.

Ijumaa iliyofuata yule mwanamke wa benchini alikuja darasani kwangu. Wenzake walikuwa wametandaza majamvi, akaketi nyuma, karibu na mlango.

"Nisomee huo mlango," akasema.

Nilifungua kitabu nikausoma wote, neno kwa neno, kisha nikaueleza kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ukurasa wa ngapi, nikamtajia.

"Kumbe hata si mrefu," akasema, akajifunga khanga yake, akaondoka.

Huja kila Ijumaa tangu siku hiyo. Samahani yangu hajaijibu, nami siidai. Binti yangu bado amekaa ndani, siku zake hazijatimia. Kila asubuhi namfungulia mlango wa uani aanike nguo, lakini hatoki.